Chumba Namba Tisa Hakina Mwombaji

Usiku wa kuamkia leo, nikiwa nimelalia ubavu wa kushoto kama kawaida yangu, niliota nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya mtaalamu wa mionzi. Barua ya kuniita iliandikwa kwa heshima sana. Ilisema, "Ndugu Redemta Kapinga, kwa kuwa huna sifa hata moja, tunakuomba ufike mapema."

Nilifika mapema. Mimi hufika mapema hata nikiwa macho, kwa sababu ni mfanya usafi wa hospitali ya wilaya, na sakafu haikauki kwa kuamriwa. Elimu yangu ni darasa la saba. Nimefagia korido ile kwa miaka miwili, kuanzia dirisha la dawa mpaka chumba namba tisa, na ukifagia mahali miaka miwili unajua mambo mengi ambayo hakuna atakayekuuliza.

Najua, kwa mfano, kwamba chumba namba nane kina mashine mpya ya eksirei. Ilizinduliwa kwa utepe, ngoma na soda. Tangu siku ile haijampiga mtu picha, maana hakuna mtaalamu wa mionzi. Chumba namba tisa kina maboksi ya miwani ya msaada, na hakuna mtaalamu wa macho wa kumpima mtu ampe. Ufunguo wa chumba hicho umetundikwa ofisini kwa Bwana Hyera, kaimu katibu wa hospitali, na umefungwa kikaratasi: *Akabidhiwe mtaalamu wa macho tu, baada ya kuajiriwa.* Wagonjwa wanaambiwa warudi ajira zikitoka. Mama yangu ameambiwa mara sita.

Najua pia kwamba kila asubuhi chini ya mlango namba tisa huwa zimechungulia pembe za bahasha. Mimi huzisukuma ndani kwa ufagio ili korido ionekane safi. Sikuwahi kujiuliza ni za nani. Niliona ni mambo ya ofisi, na mambo ya ofisi hayana haja na mimi.

Mama anachambua kahawa kiwandani. Kazi yake ni kutoa punje nyeusi na kubakiza nzuri. Siku hizi vitu vya karibu havioni, na punje nyeusi zinampita kama hayupo. Wiki iliyopita msimamizi wao, Bi. Gaudensia, alimwambia, "Mama Redemta, nakuheshimu sana, lakini Jumatatu uje na miwani. Bila miwani, usijisumbue kupanda mlima kuja hapa." Jumatatu ni keshokutwa. Na miwani iko hatua ishirini kutoka pale ninapoweka ndoo yangu.

Basi, kwenye ndoto, korido ni ile ile ila imerefuka. Nina ndoo na ufagio wangu. Kwenye benchi wamekaa watu watatu waliovaa masweta mazito, wamebanana.

"Nyie ni wagonjwa?" nawauliza.

"Sisi ni uzoefu wa kazi wa miaka mitatu," anajibu wa katikati. "Tunamngoja mwombaji aje na sisi."

"Si muingie wenyewe?"

"Hatuna cheti, dada."

Nawapa pole, naingia chumba namba nane.

Kamati imekaa nyuma ya meza. Mwenyekiti ni Aproni, ile nzito ya risasi inayovaliwa kuzuia mionzi. Amekaa kwa uzito wake wote, na hageuki. Katibu ni Chati ya kupimia macho, mrefu, mweupe, kichwani ana herufi kubwa na miguuni ndogo ndogo kama sisimizi. Mashine ya eksirei imesimama pembeni, bado imevaa nailoni ya kiwandani.

"Keti," anasema Mwenyekiti.

Hakuna kiti. Nageuza ndoo, nakaa.

"Vizuri. Amekuja na samani zake. Katibu, soma sifa."

Chati anakohoa. Neno lake la kwanza linatoka kama la mpiga mnada, la pili kama la mwalimu, la tatu kama la mtu anayeungama kanisani, na baada ya hapo midomo inacheza tu.

"SIFA za mwombaji ni…"

Tunangoja amalize. Inachukua muda. Mwishoni Chati anafuta jasho.

"Umesikia?" Mwenyekiti ananiuliza.

"Sijasikia, mheshimiwa."

"Hakuna anayesikia. Tumeendesha vikao hivi miaka miwili na hajalalamika mtu. Hiyo ndiyo amani. Sifa ya kwanza ninaikumbuka kwa kichwa: awe na moyo wa kujituma. Mashine, hebu mwangalie."

Mashine inashtuka. "Mimi? Kweli? Sasa hivi?" Inajikung'uta nailoni kidogo. "Samahani. Wewe ndiye wa kwanza. Vuta pumzi. Usiachie."

Inang'uruma. Ukutani inatokea picha yangu: mbavu, uti wa mgongo, na ugali wa jana. Mahali pa moyo pako wazi.

"Moyo wako uko wapi?" anauliza Mwenyekiti.

"Asubuhi ulikuwepo."

Mlango unafunguka. Moyo wangu unaingia na dumu la maji la lita ishirini, unaliweka pembeni, unafuta miguu kwenye dekio, unarudi mahali pake.

"Umejituma," anasema Mwenyekiti. "Alama zote. Tumesaili madaktari wawili hapa, mioyo yao tuliisikia inakoroma bila hata kupiga picha. Sifa ya pili: aweze kufanya kazi chini ya usimamizi mdogo."

Kitu kinanivuta upindo wa sketi. Ni Bwana Hyera, kavaa suti na tai, ana urefu wa kiberiti.

"Dada Redemta, angalia usinikanyage."

"Samahani, Bwana Hyera."

"Kaimu. Sema kaimu."

"Samahani, kaimu."

Namnyanyua kwa vidole viwili, namweka juu ya bega langu. Anakunja nne. "Unasumbuka bure," ananiambia sikioni. "Mwaka huu tena hakuna aliyeomba. Ripoti nimeshaandika na imeshaondoka."

"Mbona mimi nimekuja?"

"Wewe umekuja. Hujaomba. Hivyo ni vitu viwili."

"Na Mama yangu, Bwana kaimu? Jumatatu anafukuzwa."

"Mwambie arudi ajira zikitoka. Mimi mwenyewe nimepewa ukaimu wa miezi mitatu, huu ni mwaka wa tano, unaniona nalia?"

Namwangalia vizuri. Kwa kweli halii. Ila jicho moja limevimba, na hakuna wa kumpima.

"Sifa ya tatu," Mwenyekiti anasema, "awe tayari kupangiwa kituo chochote."

Nafumbua mdomo niseme niko tayari, na kabla sijasema niko kiwandani.

Kahawa zimepangwa mezani. Mama amekaa kwenye kigoda chake, kanga kichwani, mikono inapapasa. Punje nzuri zimejilaza zinangoja. Nyeusi zimejipanga mstari, zinapita mbele yake moja moja, zimevua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu, piteni," anajibu Mama, na zinapita, zinaingia gunia la kwenda nje ya nchi.

"Mama, hizo ni nyeusi!"

"Nyeusi wapi? Mbona zina adabu?"

Bi. Gaudensia anatokea nyuma ya magunia. Amemshika Jumatatu mkono. Jumatatu ni mtu mrefu mwenye koti na pumzi fupi, anatazama saa yake kila baada ya neno.

"Redemta," anasema Bi. Gaudensia, "mimi simchukii mama yako. Tumechambua kahawa pamoja tangu hujazaliwa. Lakini gunia likirudishwa, anayeulizwa ni nani? Si mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Haya. Na huyu ameshafika."

"Nilitakiwa keshokutwa," anasema Jumatatu, "lakini sijawahi kuchelewa na sitaki kuanza. Nawapa muda wa kudeki chumba kimoja."

"Kidogo au kikubwa?" nauliza.

Anafikiri. "Cha kawaida."

Namshika Mama mkono, na Jumatatu anatufuata. Tukipita mlango wa kiwanda tunatokea korido ya hospitali. Nawaomba wale uzoefu wasogee, Mama akae. Wanasogea shingo upande. Jumatatu naye anajibana pembeni, anaanza kutingisha mguu.

Narudi mbele ya kamati.

"Mheshimiwa mwenyekiti, naomba Katibu arudie."

"Arudie nini?"

"Yale ya chini."

Kamati inatazamana. Haijawahi kuombwa. Chati anasimama, anaanza upya, "SIFA za mwombaji ni…", sauti inashuka. Mimi nami nashuka nayo. Inapofika kwenye minong'ono napiga magoti. Inapofika kwenye midomo mitupu nalala kifudifudi sakafuni, nabandika sikio kwenye mstari wake wa mwisho. Kuinama si kazi kwangu. Sakafu hii naijua kuliko mtu yeyote katika wilaya.

Na hapo chini kabisa nasikia kisauti kinasema, "Maombi yote yapelekwe chumba namba tisa."

Nainuka na vumbi shavuni.

"Bwana kaimu," namwambia wa begani, "kwa nini namba tisa?"

"Si ndiyo ilikuwa ofisi ya katibu? Tangazo liliandikwa kipindi hicho. Ofisi ikahamia juu, pale pakawa pa macho."

"Na tangazo?"

"Tangazo liko kwenye ubao wa vioo. Ubao una kufuli."

"Nani ana ufunguo wa kufuli?"

"Katibu wa hospitali."

"Si ni wewe?"

"Mimi ni kaimu," anasema Bwana Hyera, na anageukia upande mwingine.

Natembea mpaka mlango namba tisa. Chini yake zimechungulia zile pembe za bahasha. Naweka ndoo chini, nachuchumaa.

"Ameshakuja," sauti inasema ndani. "Jamani, jishikeni."

"Nani huko?"

"Si utusukume tu? Ndiyo kazi yako." Hiyo ni sauti ya mwanamke, nyembamba kama karatasi. "Miaka miwili najivuta usiku kucha nifike mlangoni, asubuhi unakuja unaimba nyimbo za kwaya, fyagu, narudi ukutani. Leo umeamka na wimbo gani?"

Kweli huwa naimba.

"Wewe ni nani, dada?"

"Skolastika Mbunda, mtaalamu wa macho. Vyeti vimethibitishwa, picha mbili ndogo, barua ya mtendaji wa kijiji. Nimekunjwa mara tatu."

"Kuna wengine humo?"

"Tulikuwa arobaini na moja. Panya amewapunguza."

Kamati imeshatoka, iko koridoni. Aproni anaburuta miguu, Chati anajigonga kwenye milango, Mashine inakokota nailoni nyuma.

"Anayeongea humo ni nani?" anauliza Mwenyekiti.

"Ni mtaalamu wa macho, mheshimiwa," nasema. "Mama yangu yuko pale kwenye benchi. Naomba atoke ampime."

"Hawezi kupima mgonjwa. Hajaajiriwa."

"Niajirini basi," Skolastika anapiga kelele chini ya mlango.

"Hujaomba."

"Ombi langu liko humu ndani!"

"Humo ndani kunafunguliwa na mtaalamu wa macho."

"Ndiye mimi!"

"Bado hujaajiriwa." Mwenyekiti anageukia wenzake, ametulia kabisa. "Mnaona? Utaratibu hauna tobo."

Chati anaandika neno UTARATIBU kwa herufi kubwa, na mengine yanapotea. Kwenye benchi Jumatatu anasimama, anafunga vifungo vya koti.

"Nimemaliza kungoja," anasema.

"Mwanangu," Mama anaita, anatazama upande ambao sipo, "kama imeshindikana twende nyumbani. Mimi nitalima tu."

Mama ana miaka sitini na moja, na goti lake moja halikunji. Nautazama mlango. Nautazama ufagio wangu. Miaka miwili nimeutumia upande mmoja tu. Naugeuza. Upande wa mpini kuna msumari uliochomoza, ule ambao kila siku nasema nitaugongelea. Nalala chini, naingiza mpini chini ya mlango, napapasa, msumari unanasa kitu. Navuta.

"Wewe!" Mwenyekiti anatikisika kwa mara ya kwanza. "Nani amekupa mamlaka ya kushughulikia maombi ya ajira?"

"Sishughulikii maombi, mheshimiwa. Karatasi ikiwa chini ya mlango ni uchafu. Uchafu ni kazi yangu. Iko kwenye mkataba."

Mwenyekiti anamtazama Katibu. Katibu anajisoma kuanzia juu mpaka chini, anatafuta kifungu, hakioni. Begani kwangu Bwana Hyera anakohoa.

"Mkataba wa usafi nilisaini mimi," anasema polepole. "Ni kweli. Karatasi zipo. Kifungu cha nne."

Bahasha inatoka. Vumbi linaruka. Bahasha inajikunjua mara moja, mara mbili, mara tatu, na mwanamke mwenye koti jeupe lenye mikunjo anasimama mbele yetu, anajipiga piga mgongo. Mashine inapiga makofi ndani ya nailoni.

Navuta nyingine. Inatoka bahasha nene, inajikunjua, anasimama mwanamume mwenye kitambi na simu mbili.

"Mtaalamu wa mionzi?" Mashine inamwuliza.

"Nilikuwa," anasema. "Nilingoja, nikaoa, nikafungua duka la simu. Nauli mtanipa?" Anaitazama ile mashine, anaigusa nailoni kwa kidole. "Wamekuacha hivi hivi? Masikini weee." Anakaa chini sakafuni, anaanza kuitoa nailoni taratibu, kuanzia miguuni.

"Maombi yamepokelewa nje ya chumba," anasema Bwana Hyera, na kila neno linamwongeza urefu. Bega langu linalemewa, namshusha. "Kwa hiyo yamepokelewa. Dada Mbunda, saini hapa. Ufunguo huu."

Ufunguo unashuka ngazi kutoka msumari wa ofisini, unalalamika shingo. Skolastika anafungua. Ndani bahasha zimejaa mpaka magotini, na juu ya kabati maboksi ya miwani yamepangwa, kila boksi limeandikwa KWA HARAKA.

Skolastika hapotezi muda. Anamkalisha Mama, anamsimamisha Chati ukutani. "Wewe simama wima, na usiongee." Anambadilishia Mama vioo viwili, vitatu. "Hiki au hiki, mama?"

"Hicho cha kwanza kina ukungu, mwanangu. Hiki… ngoja. Hiki usikitoe."

Anamvika miwani. Mama anageuza kichwa taratibu, ananiona, na mkono wake unapanda mdomoni.

"Redemta," anasema. "Umekonda hivi tangu lini?"

Punje nyeusi moja, iliyotufuata kutoka kiwandani, inapita chini ya benchi kwa ncha za vidole. "Shikamoo, mama," inasema.

"Wewe," anasema Mama. "Rudi hapa."

Inarudi. Jumatatu anafungua vifungo vya koti, anakaa tena. "Basi nitakuja siku yangu," anasema.

"Kabla hamjaondoka," anasema Mwenyekiti, uzito umemrudia. "Miwani hiyo ni mali ya serikali. Usaili huu haujaidhinishwa, kwa hiyo irudishwe kabla ya kufunga ofisi, mpaka hapo barua zitakapotoka upande ule, ambako watu wako macho."

"Zitatolewa na nani?" nauliza.

Wote wananitazama, hata Mashine, na mimi nautazama msumari wa ufagio wangu. Nikaamka.

Kulikuwa kumeshapambazuka. Mama alikuwa ametandika mkeka mlangoni penye mwanga, amepakata ungo wenye kahawa kidogo aliyoombaomba kwa wenzake. Wiki nzima anafanya mazoezi hivyo kila asubuhi, na wiki nzima anakosea. Mimi nilijifanya sijaona. Ufagio wa kweli hauna msumari, kwa hiyo nilichukua waya wa kutundikia nguo, nikaunyoosha, nikaukunja ncha iwe kama ndoana.

"Waya wa nini asubuhi yote hii?" Mama aliuliza.

"Wa kazini. Kuna uchafu chini ya mlango."

"Si una ufagio?"

"Ufagio unasukuma, Mama."

Aliguna, akaendelea na kazi. Nilipopita karibu yake niliona, juu ya upindo wa kanga, punje nyeusi saba zimewekwa kando. Nilitazama kwenye ungo. Haikubaki nyeusi hata moja.

"Na wewe utulie nikuulize," alisema, anajikuna. "Pua inaniwasha tangu nilipoamka. Hebu niangalie, kuna mdudu gani?"

Nikainama. Mdudu hakuwepo. Palikuwa na vishimo viwili vidogo, vyekundu, kimoja kila upande wa pua, kama vya mtu aliyevua miwani sasa hivi.